Fataki, sehemu ya risasi isiyokagulika

Risasi kamili ina vitu vinne: ganda la shaba, baruti, kichwa kinachoruka, na fataki inayowasha moto. Anayejaza risasi zake mwenyewe nyumbani anaweza kuvikagua vitatu vya kwanza mpaka roho yake itulie. Ganda unalipima urefu kwa kalipa, unaligeuzageuza kwenye mwanga kutafuta ufa. Baruti unaiweka kwenye mizani inayosoma hadi sehemu ya kumi ya greini, kipimo kidogo sana cha uzito. Kichwa unakipima uzito na kipenyo. Fataki huwezi. Njia ya kujua kama ni nzima ni moja tu, kuilipua, na ikishalipuka hunayo tena. Ndiyo maana kati ya vyote vilivyoko mezani, fataki ndiyo ninayoichagua kwa uangalifu kuliko kitu kingine, na ndiyo inayoniumiza kichwa ninapoona watu wanainunua kama wanavyonunua misumari.

Mimi ni mtu wa Moshi ninayeishi Minnesota. Nawinda kulungu mwezi wa Novemba kwa bunduki ya .30-06, na risasi zake nazijaza mwenyewe gereji. Watanzania wenzangu wakiingia wakaona ile mashine ya mkono imefungwa kwenye meza, huuliza jambo moja kabla hata hawajakaa: hivi hii inaruhusiwa? Kwa sheria za shirikisho la Marekani inaruhusiwa, mradi ujaze kwa matumizi yako mwenyewe. Ukitaka kuziuza, hapo unahitaji leseni ya mtengenezaji. Mwenye kadi ya kijani yuko sawa na raia katika hili. Mwenye viza ya muda, kwa mfano mwanafunzi, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki silaha wala hata risasi moja, isipokuwa awe kwenye makundi machache yaliyotajwa na sheria, kama mwenye leseni halali ya uwindaji. Ndugu zangu wanafunzi, msiguse kabla hamjamwona mwanasheria. Kosa hilo linafukuzisha mtu nchini. Na walioko nyumbani nawaambia bila kuzunguka: Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, Kenya kuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na hakuna kati ya hizo inayomwachia mtu atengeneze risasi sebuleni kwake bila kibali. Ninachoandika hapa ni cha nchi ambako ni halali.

Sasa turudi kwenye fataki yenyewe.

Fataki kubwa ina kipenyo cha inchi 0.210, yaani milimita tano na kidogo. Ndogo ni inchi 0.175. Ukiishika kwa kibano na kuitazama kwa lenzi utaona kikombe kidogo cha shaba, mara nyingine kimepakwa nikeli kikang'aa kama fedha. Ndani ya kikombe kuna tabaka la dawa ya mlipuko, mara nyingi imefunikwa kwa rangi au kikaratasi chembamba, na juu yake kimekaa kijichuma chenye miguu miwili au mitatu. Hicho ndicho fuawe. Pini ya bunduki inapogonga sakafu ya kikombe kwa nje, ile dawa inabanwa kati ya kikombe na fuawe, inalipuka, na ndimi za moto zinapita kwenye tundu lililo katikati ya kitako cha ganda kwenda kuiwasha baruti. Yote hayo yanaisha kabla hujasikia kishindo.

Wazo la kuwasha baruti kwa kugonga badala ya cheche ya gumegume lilimjia mchungaji wa Scotland, Alexander Forsyth wa Belhelvie, aliyelisajili mwaka 1807. Kilichomsukuma ni uwindaji wa ndege: cheche ya gumegume ilikuwa ikiwaka kwanza, ndege wa majini wanaiona, wanazama au wanaruka kabla risasi haijafika. Ninampenda mchungaji huyu, kwa sababu alikuwa na shida ileile ya kila mwindaji, shida ya muda kati ya kidole na risasi. Baadaye vikaja vikofia vya shaba vya kuvika kwenye chuchu ya bunduki, ambavyo wazee wetu wenye magobori wanavijua vizuri. Mwaka 1866 watu wawili, kila mmoja upande wake wa bahari, wakaingiza fataki ndani ya kitako cha ganda lenyewe. Mmarekani Hiram Berdan aliliweka fuawe kwenye ganda na kuliachia matundu mawili madogo pembeni. Mwingereza Edward Boxer aliliweka fuawe ndani ya fataki na kuliachia ganda tundu moja katikati. Cha kushangaza ni kwamba Wamarekani waliishia kutumia ya Mwingereza, na sehemu kubwa ya Ulaya ikashika ya Mmarekani. Kwa mjazaji wa nyumbani maana yake ni hii: mulika tochi ndani ya ganda tupu. Ukiona tundu moja katikati, fataki iliyokwisha inatoka kwa kusukumwa na pini ya mashine. Ukiona mawili, liweke pembeni na maganda mengine chakavu, maana ukilazimisha utavunja pini.

Duka la vifaa vya uwindaji litakupa makundi manne ya msingi: kubwa ya bunduki, ndogo ya bunduki, kubwa ya bastola, ndogo ya bastola. Bunduki za marisau zina fataki zao tofauti kabisa, siziongelei. Mgeni hudhani ukubwa ndio kila kitu, na hapo ndipo mtego ulipo. Fataki ndogo ya bastola na fataki ndogo ya bunduki zina kipenyo kimoja na kimo karibu kimoja. Zinaingia kwenye kishimo kilekile bila malalamiko. Tofauti iko kwenye unene wa kikombe na ukali wa moto, vitu ambavyo jicho halivioni. Risasi ya bastola ya .38 Special imewekewa kikomo cha shinikizo cha paundi 17,000 kwa inchi ya mraba. Ile ya bunduki ya .223 inafika 55,000. Kikombe chembamba kilichotengenezwa kwa ajili ya bastola, ukikiweka kwenye shinikizo la bunduki, kinaweza kutobolewa na pini, na gesi ya moto ikarudi nyuma kuelekea kwenye uso wa mpigaji. Kwa upande wa zile kubwa, ya bunduki ni ndefu kidogo kuliko ya bastola, kwa hiyo ukiikosea kwenye ganda la bastola itajitokeza nje ya kitako. Hiyo angalau inajionyesha. Ndogo haijionyeshi, na ndiyo sababu kwenye meza yangu hakuwi na aina mbili za fataki kwa wakati mmoja. Kasha moja linatoka kabatini, kazi inakwisha, linarudi, ndipo la pili litoke.

Hata ndani ya kundi moja la fataki ndogo za bunduki, unene unatofautiana. Kwa kampuni ya CCI, fataki namba 400 ina kikombe chembamba kuliko namba 450. Remington 6½ ilikusudiwa risasi za nguvu ndogo kama .22 Hornet, na kampuni yenyewe inaelekeza watu wa .223 kwenye 7½. Hizi namba hazina mpangilio wa kueleweka, hakuna aliyezipanga ili zifanane kati ya kampuni na kampuni, na mtu akikuambia "namba kubwa ndiyo kali zaidi" usimsikilize.

Kuna jambo jingine kwa wenye bunduki za kujipakia zenyewe kama AR-15, M1 Garand au SKS. Pini ya bunduki hizo haina springi ya kuirudisha, isipokuwa SKS chache. Inaelea. Mtambo unapojifunga kwa kasi, pini inasonga mbele kwa mwendo wake yenyewe na kuigusa fataki kidogo. Toa risasi ambayo haikupigwa kutoka kwenye AR-15 uitazame: utaona alama ndogo kwenye fataki, kama ya ncha ya kalamu. Kwa fataki ngumu mguso huo si kitu. Kwa fataki laini, au iliyokaa juu kuliko kitako cha ganda, risasi inaweza kulipuka bila mtu kugusa kifyatuo. Ndiyo sababu CCI wanatengeneza namba 34 kwa kubwa na namba 41 kwa ndogo, zenye ugumu wa kijeshi, na mimi namshauri kila mwenye bunduki za aina hiyo aanzie hapo. Kinyume chake, mwenye rivolva aliyelegeza springi ili kifyatuo kiwe chepesi hupata tabu na fataki ngumu: nyundo inagonga, hakuna kitu. Hao wengi hukimbilia fataki za kampuni ya Federal, ambazo zinajulikana kwa kuwaka hata zikigongwa kidogo. Kwa hiyo swali la "fataki ipi ni bora" halina jibu mpaka useme itagongwa na nini.

Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo aliyeko Texas, alinipigia simu akiwa dukani. "Shikamoo kaka. Fataki za kawaida zimekwisha, zimebaki za magnum tu. Nichukue? Si ndiyo zina nguvu zaidi?"

"Marahaba. Unajazia nini?"

"Ile .308 yangu."

"Kitabu chako cha vipimo vya kujazia kinasema fataki gani?"

Kimya kidogo. "Kitabu kiko nyumbani."

"Basi rudi nyumbani kwanza mdogo wangu, fataki hazitakimbia."

Swali lake ni zuri na watu wengi wanalo. Fataki ya magnum inatoa moto mwingi zaidi na wa muda mrefu kidogo. Kazi yake ni kuwasha baruti ngumu kuwaka, hasa ile ya chembe za mviringo zilizopakwa dawa ya kuzichelewesha, na kuwasha baruti nyingi kwenye maganda makubwa. Inasaidia pia kwenye baridi kali, na hapa Minnesota Novemba inaweza kukukuta msituni kwenye nyuzi nyingi chini ya sifuri. Lakini haiifanyi risasi kuwa na nguvu zaidi kwa namna mtu anavyotaka. Ukiitia kwenye kipimo kilichoandaliwa kwa fataki ya kawaida, kinachopanda ni shinikizo, na ongezeko hilo linaweza kuwa la maelfu ya paundi kwa inchi ya mraba bila wewe kuongeza hata chembe moja ya baruti. Kama kipimo chako kilikuwa kimekaribia juu, umekwisha kuvuka mpaka. Vitabu vya Lyman, Hornady, Sierra, Speer na Nosler vyote vinataja fataki iliyotumika kwenye majaribio yao, na hawaiandiki kwa mapambo. Ukibadilisha fataki, umebadilisha mapishi: rudi kwenye kipimo cha chini, panda polepole, tazama maganda, pima mwendo kwa kronografu. Mdogo wangu mwishowe alizinunua, kwa sababu kitabu chake kilikuwa na ukurasa wa baruti ya mviringo wenye fataki ya magnum, na akaanzia chini kama kilivyosema. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Kuna kisa kimoja cha fataki ambacho kila mtu wa Kilimanjaro anastahili kukijua, kwa sababu kilitokea kwetu. Aprili 1915 meli ya Kijerumani iliyojifanya ya Kidenmaki, jina lake halisi Rubens, ilivuka vizuizi vya Waingereza ikileta silaha kwa majeshi ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Kwanza. Manowari ya Kiingereza Hyacinth iliikuta na kuipiga kwenye ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Meli ikakaa chini kwenye maji ya kina kifupi, Waingereza wakadhani kazi imekwisha, wakaondoka. Wajerumani wakaanza kuopoa mzigo. Bunduki zilisafishika. Risasi ndizo zilikuwa tatizo: maji ya bahari yalikuwa yameingia kwenye baruti na kwenye fataki, na kadiri siku zilivyokwenda ndivyo nyingi zaidi zilivyogoma kuwaka.

Lettow-Vorbeck anasimulia kwenye kumbukumbu zake kwamba risasi hizo zilivunjwa, baruti ikasafishwa, na baadhi ya fataki zikabadilishwa kwa nyingine zilizopatikana humo humo kwenye koloni, ingawa zilikuwa za muundo tofauti. Kazi ilifanyika Moshi, kwa miezi, na waliofanya walikuwa askari wote waliopatikana. Zilizobaki nzima ziliwekewa bunduki za mashine. Zilizojazwa upya zilijaribiwa, na zile ambazo karibu 20 kwa 100 ziligoma zilihifadhiwa kwa vita. Zilizogoma kuzidi hapo zikawa za mazoezi.

Ninaposoma hesabu hiyo nawafikiria wale askari, Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na wengineo, wamekaa chini ya mlima wakifungua ganda baada ya ganda. Kisha nawafikiria wakiwa porini na bunduki ambayo mara moja katika tano haitaitika. Baruti yenye unyevu mtu aliweza kuitandaza ikakauka. Kichwa cha risasi kilipanguswa. Fataki iliyoingiwa na maji ya chumvi hakuna aliyekuwa na namna ya kuiponya, na hakuna aliyeweza kuitambua kwa macho kabla ya kuipiga. Jeshi zima lilikuwa limefika mwisho wa uwezo wake kwenye kitu cha ukubwa wa punje ya mahindi. Tangu nilipokisoma kisa hicho, fataki zilizowahi kulowa sizitumii, hata zikikauka vipi.

Kuna imani ya upande wa pili inayonitia wasiwasi: watu wanadhani mafuta yanaiua fataki. Wanatia tone la mafuta ya kulainishia, wanasubiri, kisha wanaitupa kwenye takataka wakijua imekufa. Fataki za siku hizi zimezibwa vizuri na nyingi huwaka hata baada ya kulowekwa mafuta. Mafuta yanatosha kuifanya isitegemewe, hayatoshi kuifanya salama. Ganda tupu lenye fataki mbaya naliingiza kwenye bunduki, bila baruti wala kichwa, mtutu umeelekea kwenye tuta la udongo, na naipiga.

Kuhusu majina ya viwanda, Marekani kwa miaka mingi ilikuwa na wanne wakubwa: CCI wa Lewiston, Idaho, Federal wa Anoka, mji ulio kaskazini kidogo ya Minneapolis, Winchester, na Remington wa Lonoke, Arkansas. Remington ilipofilisika mwaka 2020, upande wake wa risasi ulinunuliwa na kampuni iliyokuwa tayari inamiliki CCI na Federal, na mwaka 2024 zote tatu zikaingia mikononi mwa kundi la makampuni la Jamhuri ya Cheki. Kwa hiyo mnunuzi anayedhani anachagua kati ya maadui watatu anachagua kati ya ndugu. Kutoka nje zinakuja Sellier & Bellot za Cheki, Fiocchi za Italia, Ginex za Bosnia, na za CBC kutoka Brazil. Nimewahi kujaza kwa baadhi yake na sina la kulalamika, ila nyingine zinaingia kwenye kishimo kwa kubana zaidi na zinataka mkono wenye subira.

Wakati wa uhaba ulioanza mwaka 2020, fataki zilipotea madukani. Kasha la elfu moja ambalo watu walikuwa wamezoea kulinunua kwa dola thelathini na kitu liliuzwa na walanguzi kwa dola mia na zaidi. Bei zimeshuka tangu hapo lakini hazijarudi zilikokuwa. Ukiagiza kwa posta kuna ada ya bidhaa za hatari juu ya gharama ya kusafirisha, kwa hiyo wengi huungana kuagiza pamoja. Uhaba ule uliwafanya watu wanunue chochote walichokikuta, kisha wakawa na makasha kumi ya aina kumi, kila moja likidai kipimo chake. Mimi nawaambia wanaoanza: chagua aina moja inayotajwa na kitabu chako kwa baruti yako, hakikisha inapatikana karibu na unakoishi, ununue ya kukutosha msimu, ukae nayo. Kwa .30-06 yangu ni CCI 200, fataki kubwa ya kawaida ya bunduki, kwa sababu baruti yangu ni ya vijiti vifupi inayowaka bila kubembelezwa na bunduki yangu ya bolti inagonga kwa nguvu. Zipo fataki za mashindano, kama Federal 210M na CCI BR-2, zinazotengenezwa na kukaguliwa kwa uangalifu zaidi, na bei yake inaonyesha hivyo. Anayepiga shabaha mita mia tisa atakuta tofauti kwenye kronografu. Kwa kulungu aliye mita themanini kwenye miti ya mierebi, sijaona sababu.

Tahadhari moja kuhusu maganda. Kampuni ya Lapua inatengeneza baadhi ya maganda ya .308 na 6.5 Creedmoor yenye kishimo kidogo cha fataki, wakati mengi ya kampuni nyingine yana kikubwa. Kwenye .45 ACP pia zipo za aina zote mbili, na ukiokota maganda uwanjani zitachanganyika tu. Zitenganishe kabla hujakaa kwenye mashine. Maganda ya kijeshi nayo fataki yake imefungwa kwa kuukunja ukingo wa kishimo. Ukingo huo sharti uondolewe, la sivyo fataki mpya itapondeka wakati wa kuingia.

Kuingiza fataki ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote. Situmii mashine kubwa. Natumia kifaa cha mkono, miwani machoni, redio imezimwa. Ganda linakaa kwenye kishikio, fataki inapanda kutoka kwenye kisahani, kidole gumba kinakandamiza. Kwanza unahisi msuguano laini wa kikombe kikiteleza kwenye kuta za kishimo. Halafu kunakuja kusita, pale miguu ya fuawe inapogusa sakafu. Hapo hujamaliza. Unaongeza nguvu kidogo sana mpaka dawa ibanwe kidogo kati ya fuawe na kikombe, na mkono unaijua nukta hiyo kabla akili haijaitamka. Fataki iliyokaa vizuri iko chini ya kitako cha ganda kwa elfu tatu hadi tano za inchi. Napitisha ncha ya kidole juu ya kila ganda. Kidole kinahisi kibonde, naliweka kwenye trei. Kikihisi tambarare au kinundu, halisongi mbele. Fataki iliyosimama juu mara nyingi hugoma kwa pigo la kwanza, kwa sababu nguvu ya pini inaishia kuisukuma mpaka ikae, ikawaka kwa pigo la pili. Watu hulaumu kiwanda wakati kosa lilikuwa la kidole gumba. Na ganda likimeza fataki kwa ulaini mno, kama halina kuta, kishimo kimelegea na ganda hilo limemaliza kazi yake.

Risasi ikigoma uwanjani, mtutu unabaki umeelekea kwenye shabaha, na unahesabu nusu dakika kabla ya kufungua. Fataki iliyochelewa inaweza kuwaka ukiwa unaitoa. Jingine la hatari ni pale unaposikia kishindo kidogo kisicho cha kawaida. Fataki peke yake, bila baruti, ina nguvu ya kutosha kukisukuma kichwa cha risasi kikakwama ndani ya mtutu wa bastola. Risasi ya pili ikipigwa nyuma yake, mtutu unapasuka. Kishindo kikikutia shaka, simama, toa kila kitu, chungulia mtutu kutoka nyuma.

Kuhusu kuhifadhi, kanuni za zimamoto za hapa, NFPA 495, zinaruhusu fataki 10,000 katika nyumba ya kuishi. Namba hiyo ni kubwa kuliko mahitaji ya mwindaji yeyote ninayemjua. La muhimu zaidi ni kwamba zibaki kwenye makasha yake ya kiwandani, kila moja kwenye kitundu chake. Makasha hayo yameundwa ili moja ikilipuka zisiambukizane zote. Mtu anayezimimina kwenye chupa ya kioo ili zionekane vizuri ametengeneza bomu na kuliweka kwenye rafu. Zangu zimo kwenye kabati la mbao lenye kufuli, mbali na baruti, mbali na mashine ya kupashia nyumba joto.

Na mikono. Dawa ya fataki nyingi ina madini ya risasi (lead) ndani yake, na yanabaki kama unga mweusi kwenye maganda yaliyotumika na kwenye vumbi la mashine ya kuyasafishia. Unga huo ukiingia kwenye damu ya mtoto unamharibu ubongo, na hautoki kirahisi. Kwa hiyo meza ya kujazia si meza ya kulia, chai haifiki gereji, maganda yanasafishwa kwa maji badala ya kuachiwa yatifue vumbi, na kabla sijamshika mwanangu mikono inaoshwa kwa sabuni na nguo imebadilishwa. Watu wanaogopa mlipuko na kuusahau unga huu, wakati mlipuko ni wa nadra na unga upo kila siku.

Kila kasha la risasi nilizozijaza lina karatasi ndani: tarehe, ganda na mara ngapi limejazwa, kichwa, baruti na uzito wake, fataki, na namba ya toleo iliyopigwa mhuri kwenye kasha la fataki. Hiyo ya mwisho wengi huiacha. Viwanda vikigundua kasoro, vinatangaza kwa namba ya toleo, na asiyeiandika hana namna ya kujua zake ni zipi. Nikifungua toleo jipya, hata la aina ileile, najaza chache kwanza, nazipiga kwenye karatasi kwa umbali ninaoujua, nalinganisha mwendo wake na wa zile za zamani. Zikilingana, naendelea. Zisipolingana, narudi kwenye kitabu, kipimo cha chini, na toleo hilo linasubiri mpaka baada ya msimu.